Kinondoni: Machungwa ya Muheza na Mapera ya Kwetu



Mtu wa shamba afikapo Dar es Salaam huonyeshwa kwanza bahari, bandari na majumba marefu. Leo napenda kuwapeleka upande mwingine, Kinondoni, wanakokaa watu wa kazi za kila namna, niwaonyeshe jambo moja tu, nalo ni matunda na mboga wanazokula. Kazi za parokia zilinipeleka huko siku nne, na niliyoyaona nadhani yafaa kusimuliwa katika kila nyumba ya kijijini.

Kufika Kinondoni si taabu. Tangu 2016 yako mabasi makubwa yaitwayo mwendokasi, yenye njia yao wenyewe katikati ya barabara ya Morogoro. Penye Magomeni tawi moja hugeuka likafuata barabara ya Kawawa, likapita Mkwajuni na Kinondoni penyewe mpaka Morocco. Ukishuka kituo chochote, hutakwenda hatua nyingi kabla ya kukuta mkokoteni wa machungwa. Kijana hushika kisu chembamba, akalizungusha chungwa mkononi, na ganda likatoka refu kama utepe. Hukata kichwa chake, akampa mteja, naye hufyonza papo hapo amesimama. Karibu naye yuko mama mwenye sinia la mapapai na matikiti yaliyokatwa vipande, na mwingine ana maembe mabichi ya kuliwa kwa chumvi na pilipili.

Nilimwuliza kijana mmoja, “Machungwa haya yatoka wapi?”

“Muheza, kaka,” akajibu. “Ni kwetu. Wakati huu huko yameanguka chini mpaka mbuzi wameyachoka. Hapa mtu ananunua moja moja.”

“Na watoto wa nyumbani wanayala?”

Akacheka. “Wanaokota yale yaliyoanguka. Mazuri ni ya kuuza.”

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilipofika soko la Tandale yakazidi. Shehena za vyakula zinazoingia mjini zatoka vijijini. Machungwa ni ya Muheza, mananasi ni ya Kiwangwa kule Bagamoyo, kabichi ni za milima ya Lushoto. Watu wa mjini hutoa fedha yao ngumu kwa vitu ambavyo sisi twavikanyaga njiani.

Yafaa kujua sababu ya kuvithamini. Ndani ya matunda na majani mabichi kimo kitu kidogo sana kiitwacho vitamini C. Mwili hukitumia kujenga ngozi, fizi na mishipa, na kuponya vidonda. Mbuzi aliyeyachoka machungwa ya Muheza hana hasara, kwa kuwa mwili wake hujitengenezea vitamini hiyo wenyewe. Mwanadamu hakupewa uwezo huo. Wala hawezi kuiweka akiba kwa muda mrefu, bali yampasa kuipata katika chakula siku kwa siku. Basi tunapomwachia mbuzi chungwa na kumnyima mtoto, twampa asiyehitaji na kumpita ahitajiye.

Mtu akiikosa kwa miezi kadha hupatwa na kiseyeye. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, vidonda havifungi, na mwisho wake ni kifo. Pwani yetu yajua habari hizo. Januari 1499 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilifika Malindi zikitoka Bara Hindi. Safari ile ya baharini ilikuwa imeua mabaharia 30 hivi kwa ugonjwa huo, na wazima walikuwa wachache. Jambo walilolitamani sana wagonjwa lilikuwa machungwa, na wenyeji wa Malindi waliwapatia. Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kupita wote.

Siku hizi kiseyeye ni nadra kwetu, lakini uko udhaifu mwingine unaohusika, nao ni upungufu wa damu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Tanzania wanawake 45 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu huo. Sababu zake ni nyingi, kama malaria, minyoo na kukosa madini ya chuma. Maharage, kunde na mchicha vina madini ya chuma, ila mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiwamo katika mlo uleule, mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai, kwa upande wake, huyazuia. Kwa hiyo mama mjamzito anayekula maharage na kipande cha papai hupata faida kuliko yule anayeyashushia kwa chai ya rangi. Dawa za kliniki asiziache, lakini na papai lisimpite.

Katika masoko ya Kinondoni iko mboga moja ya majani mapana, yenye shina jeupe, nayo huitwa chainizi. Jina lake latuambia asili yake. Wachina tumejuana nao siku nyingi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilijengwa kwa msaada wao katika miaka ya 1960, na reli ya TAZARA ilijengwa pamoja nao kati ya 1970 na 1975. Wataalamu wa chakula wa China humwambia mtu mzima apate miligramu 100 za vitamini C kila siku, na ale mboga zisizopungua gramu 300. Shirika la Afya la Dunia laridhika na miligramu 45 za vitamini hiyo. Nusu ya mboga zao hutakiwa ziwe za rangi iliyokolea, kama majani mabichi yetu. Kadhalika mapishi yao mengi ni ya moto mkali na muda mfupi, maji kidogo au hakuna, na mboga huepuliwa ingali na rangi yake.

Jambo lilo hilo nililiona kwa mama ntilie mmoja wa Mwananyamala. Maharage aliyabandika alfajiri, lakini mchicha hakuugusa mpaka wateja walipoanza kuketi. Hapo akaukatakata, akautia katika kitunguu na nyanya, akaugeuza mara chache, akaepua. Nilimwamkia nikamwuliza kwa nini hakuupika mapema. Akasema, “Mwanangu, mboga ikikaa motoni inakuwa nyeusi. Nani ataila?” Alitafuta rangi, na kwa kuihifadhi rangi aliihifadhi na vitamini.

Kwetu shamba mboga hukatwa kwanza ndipo ioshwe, ikachemshwa kwa maji mengi na magadi, kisha maji yakamwagwa. Vitamini C huyeyuka katika maji, huharibika kwa moto wa muda mrefu, na magadi huimaliza upesi zaidi. Twamwaga nje ya mlango kile tulichokipalilia. Mchicha, chainizi na majani ya kunde yafaa yaoshwe yangali mazima kwa maji safi, yakatwe, yapikwe kwa maji kidogo kwa dakika chache, na kuliwa siku ileile. Ila kisamvu kisifanyiwe hivyo hata kidogo. Kisamvu kina sumu, na lazima kitwangwe na kupikwa sana. Siku ya kisamvu, vitamini na itafutwe katika tunda.

Tena tusidanganywe na ulimi. Pale Mkwajuni jina lanikumbusha ukwaju, ambao juisi yake huuzwa sana mjini. Ukwaju ni mchachu, lakini vitamini C yake ni kidogo mno. Pera, ambalo ni tamu, lina zaidi ya miligramu 200 katika kila gramu 100, yaani mara tatu au nne ya chungwa. Pera moja la kadiri hutosha siku nzima ya mtu mzima, na kupita. Papai, embe na ubuyu navyo vinafaa. Chupa zenye picha ya chungwa kifuani, nyingi zina maji, sukari na rangi tu.

Sikatai biashara. Fedha ya machungwa hulipa ada, hununua madaftari na sare za shule, na mkulima anastahili ujira wake. Naomba tu kwamba baba anapojaza magunia ya soko, ajaze kwanza kikapu cha nyumbani, nacho kiwe cha matunda mazuri, wala si ya yale yaliyopondeka. Naomba mama mjamzito, mgonjwa na mtoto aliyeachishwa ziwa wawe wa kwanza kupewa. Tena kila familia ipande mpera mmoja na mpapai mmoja karibu na jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Mpapai huzaa kabla ya kwisha mwaka au baada yake kidogo.

Watu wa Kinondoni wengi hawana hata kiasi cha ardhi ya kutosha mti mmoja. Mboga za mabonde ya mjini mara nyingi humwagiliwa kwa maji yasiyo safi, wala hawana nyingine za karibu. Hata hivyo mfanyakazi wa kule, akiwa na fedha kidogo mfukoni, hasiti kununua chungwa lake na kulifyonza njiani. Sisi tuna shamba, mvua na kivuli cha mpera uani. Mungu ametupa bila kutudai bei. Jioni hii, watoto wakirudi kutoka kuchota maji, watumeni wakaokote mapera kabla mbuzi hawajafika.