Joto la Chumba cha Nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kunisalimu Ganda, karibu na Malindi, na chupa ya Primitivo, mvinyo mwekundu wa Kiitaliano, kwenye begi la mgongoni. Alitoka nayo Watamu kwa bodaboda, jua la saa saba kichwani. Nilipoishika nilidhani nimeshika shavu la mtoto mwenye homa. Nikamwomba mke wangu amtume mtoto kwa jirani anayeuza barafu, na ile ndoo ndogo itiwe maji. Kijana akaruka: "Mjomba, nyekundu haiwekwi barafu! Chuoni tumefundishwa, nyekundu ni joto la chumba."

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyonifukuzisha kazi mwaka 1984. Nimestaafu tangu 2018, na nilikuwa nimeapa sitabishana tena na mtu juu ya chupa. Kiapo kimenishinda.

Mimi ni mtoto wa mgema. Baba alikuwa akipanda minazi asubuhi na jioni, anachonga karara kipande chembamba kama ukucha, nami chini nashika kibuyu. Tembo la asubuhi lilikuwa tamu, hata watoto tulilambishwa. Jioni lilishaanza kuuma ulimi. Siku ya tatu mama alilimimina kwenye chupa ya siki. Kwa hiyo kabla sijajua Italia iko upande gani wa bahari, nilishajua kwamba kinywaji kina umri na joto huukimbiza. Na msimu wa mabibo ulinifunza lile jingine: bibo bichi hukausha mdomo mpaka ulimi unagoma kusogea. Huo ndio ukakasi, na anayeujua ukakasi wa bibo hana haja ya kueleweshwa mvinyo mwekundu una nini.

Waitaliano walikuja kwetu na roketi kwanza, mapishi baadaye. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini, mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine, ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku ilikuwa yetu ya uhuru. Wahandisi wanataka kula. Wakaja wapishi, wakaja watalii, na Malindi ikajaa vijana wanaosema "ciao" kabla ya "hujambo". Mwaka 1977 nikaingia hoteli moja kubwa ya ufukweni kuosha vyombo, na baada ya miaka mitatu nikapewa koti jeupe na kizibuo.

Mkuu wetu wa wahudumu alikuwa mtu wa kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa na mambo mawili tu: mweupe kwa samaki na baridi, mwekundu kwa nyama na joto la chumba. Sitamtaja jina, ana wajukuu. Ghala la mvinyo lilikuwa nyuma ya jiko, na chupa nyekundu zilipangwa kwenye rafu ya mbao ukumbini ili wageni wazione. Mchana wa Februari ukumbi ule ulifika nyuzi 31. Mgeni alikuwa akimiminiwa Chianti iliyokaribia kuwa mchuzi.

Hapo hapo nilipata hasara yangu ya kwanza. Meza moja iliagiza Montepulciano d'Abruzzo, mvinyo wa bei nafuu, mweusi, mzuri kwa nyama ya kuchoma. Nikawapelekea Vino Nobile di Montepulciano, ghali karibu mara tatu. Nani angenieleza? Huyu wa kwanza Montepulciano ni jina la zabibu, na analimwa Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki. Yule wa pili Montepulciano ni jina la mji wa Toscana, na zabibu yake ni Sangiovese, ile ile ya Chianti. Hawana hata undugu wa ukoo. Tofauti ya bei ilikatwa kwenye mshahara wangu miezi miwili. Vijana, someni lebo yote, msisome neno mnalolijua tu.

Basi mwaka 1984, mwezi huo huo wa joto, mama mmoja wa Kiitaliano, mtu mzima, mwembamba kama fimbo, aliketi peke yake akaagiza Barbera na jodari wa mchuzi wa nyanya. Akaonja, akakunja uso. Akaniuliza kwa Kiswahili cha jikoni: "Wewe unaweza kunywa hii?" Nikasema kwetu hata tembo huwekwa kivulini. Nikachukua ndoo ya mvinyo mweupe, nikaitumbukiza Barbera humo. Mkuu akaniona toka ng'ambo ya ukumbi. Sikumaliza wiki.

Yule mama ndiye aliyenichukua. Alikuwa mtu wa Asti, kaskazini-magharibi mwa Italia, na alikuwa na mkahawa wa meza kumi na moja karibu na mji wa zamani wa Malindi. Sisi sote tulimwita Signora, na mpaka leo nikiota namwita hivyo. Nilifanya naye kazi hadi alipofunga.

Alikuwa na kanuni moja, nami bado nagombana na watu juu yake: mvinyo wa bei nafuu hauonjwi bila chakula. Wale waonjaji wa kunusa, kusukutua na kutema, aliwaona kama watu wanaonunua punda kwa kumsikiliza akilia. Mvinyo wa mezani, alisema, kazi yake ni kubeba. Mpe mzigo kwanza.

Mawakala wa waagizaji walipotoka Mombasa na Nairobi na visanduku vyao vya sampuli, hakuwakaribisha ofisini. Aliwaweka saa sita mchana kwenye meza ya wafanyakazi, nyuma, chini ya mwarobaini, wale tulichokula sisi. Nakumbuka siku moja vizuri. Chakula kilikuwa ugali, maharage ya nazi na changu wa kukaanga aliyerudishwa kwenye nyanya na vitunguu. Wakala alikuja na chupa nne, na moja ilikuwa nzito kama nyundo, mvinyo uliolazwa mwaka mzima kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Aliifungua ile kwa heshima. Signora akamega tonge, akachovya kwenye nyanya, akatafuna, akanywa. Kisha akanisogezea.

Peke yake ule mvinyo ulinukia vanila na moshi, ungeweza kuupenda. Baada ya nyanya ulilala. Utamu wake ukawa kama maji ya sukari, na ukakasi ukaning'inia kwenye ufizi kama bibo la Oktoba. Mafuta ya samaki nayo yakautia ladha ya msumari. Kisha akamimina chupa ya mwisho, Barbera d'Asti ambayo wakala mwenyewe aliisahau chini ya sanduku, tuliyokuwa tumeiweka kwenye maji ya barafu robo saa. Uchachu wake ukakutana na uchachu wa nyanya, vikatulizana. Ukakata mafuta ya nazi kama ndimu inavyofanya. Ukakasi haukuwako, maana Barbera kwa maumbile ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo, na hiyo ndiyo sababu haigombani na samaki. Tulimaliza chupa. Ile nzito ilirudi Nairobi na kizibo chake.

"Mvinyo si samani," alisema Signora, akimaanisha mwaloni. Hapo ndipo tulipokosana naye kidogo, nami sijabadili mawazo. Barbera ilikuwa kinywaji cha wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wakubwa waliidharau. Giacomo Bologna wa Rocchetta Tanaro ndiye aliyeiweka kwenye mapipa madogo ya mwaloni, mavuno ya 1982, akaiita Bricco dell'Uccellone, na ikapanda hadhi na bei. Signora aliona amewaibia maskini chupa yao. Mimi niliona mtoto wa kijijini amepewa viatu. Lakini ni kweli kwamba viatu hivyo sijawahi kuvimudu.

Machi 1986 ndipo nilipomwona akilia. Habari zilifika kutoka kwao kwamba watu wanakufa na kupofuka kwa mvinyo uliotiwa methanoli, pombe ya sumu, ili kiwango cha kilevi kipande kwa gharama ndogo. Walikufa zaidi ya 20, na nyingi ya chupa hizo zilikuwa Barbera za bei ya chini kabisa. Miezi mingi wageni wetu hawakutaka hata kulisikia jina. Kwetu husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba yangu alikuwa akisema maji si kitu, muogope anayetia kisichoonekana. Mwaka 2000 Nairobi nayo ikazika watu zaidi ya 100 kwa methanoli ile ile. Kwa hiyo nikisema bei nafuu sisemi bei ya kutupa. Chupa ikiwa rahisi kuliko kioo na kizibo chake, jiulize ndani mna nini.

Februari 1995 Signora alinipeleka kwao. Mto Tanaro ulikuwa umefurika Novemba iliyotangulia, na alama ya matope ilikuwa bado ukutani mwa nyumba za Asti, juu ya kimo changu. Baridi sitaieleza. Tulifika kwa dada yake, nyumba ya mawe mashambani, na jambo la kwanza nililolitazama lilikuwa kipimajoto cha jikoni. Jiko la kuni linawaka, watu sita ndani, na kinasoma nyuzi 17. Chini ghalani, 12. Nikasimama pale kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kumbe "joto la chumba" lilikuwa joto la chumba hiki! Mtu akalinukuu, akalipandisha ndege, akalishusha Malindi bila kuuliza chumba chenyewe kimejengwa wapi.

Kisha wakaleta chakula. Katikati ya meza chungu kidogo juu ya moto, ndani mafuta ya zeituni, vitunguu saumu vingi kupita kiasi, na samaki wadogo wa chumvi walioyeyuka. Wanaita bagna cauda. Unachovya pilipili hoho, kabichi, na mboga yao moja nyeupe yenye uchungu. Mimi niliwajua wale samaki kwa harufu: ni dagaa, ndugu zao wa bahari ya huko. Na kinywaji kilikuwa Barbera, nyekundu, kwa samaki, katika nyumba ya watu waliozaliwa nayo. Nilitamani mkuu wangu wa wahudumu angekuwa pembeni yangu. Nisingemwambia neno, ningempa mkate achovye.

Nilichorudi nacho nimekitumia miaka ishirini na tatu. Barafu peke yake kwenye ndoo haishiki chupa vizuri, tia na maji, robo saa inatosha kuishusha kutoka joto letu hadi nyuzi 16 hivi. Usizidishe, kwa sababu baridi kali huamsha ukakasi, na mvinyo wenye ukakasi kama Chianti huwa mchungu. Barbera, Dolcetto na Valpolicella nyepesi zinastahimili hata nyuzi 14. Ukiwa moto, kilevi hukimbilia puani na tunda halisikiki tena. Kabla ya hayo yote pitisha kidole gumba juu ya kizibo: kikiwa kimeinuka, au kuna mchirizi unaonata shingoni, kontena lilikaa juani bandarini Kilindini na mvinyo umeshapikwa. Rudisha.

Na pilipili: kilevi huongeza moto wake. Primitivo ya Puglia, yenye asilimia 14 na zaidi, ukiiweka na biriani ya pilipili unajichoma kwa hiari. Hapo nataka Lambrusco, nyekundu yenye povu, baridi kabisa. Wasomi huicheka. Wacheke.

Signora alifunga mwaka wa 2004, akarudi kwao, akafariki 2006. Miaka miwili baadaye Barbera d'Asti ikapandishwa daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia, DOCG. Nilisoma habari hiyo kwenye gazeti lililoachwa na mgeni, nikalikunja nikaliweka mfukoni. Wageni wenyewe walishaanza kupungua, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hoteli nyingi za pwani hazikusimama tena sawasawa. Mahali palipokuwa na mwarobaini sasa huuzwa vifuniko vya simu.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu yote hayo, jicho kwenye ndoo. Robo saa ilipofika tulikula: wali, mchicha, nyama ya mbuzi ya kuchoma bila pilipili. Alikula kwanza, nilivyomwagiza, ndipo akanywa. Akakaa kimya. Akanywa tena.

"Ni kweli, Mjomba," akasema, "lakini mtihani ni Novemba, na jibu wanalolitaka ni joto la chumba."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo, asije akafeli. Kisha nikamwonyesha namna ya kuizungusha chupa ndani ya maji, polepole, shingo ikiwa juu.