Polepole ya Bunagana, Polepole ya Sheffield

Wenzangu wa kazini hapa Sheffield waliposikia nimeanza mazoezi ya kukimbia, walidhani nitawaacha mbali. Mtu wa Afrika, tena aliyekulia milimani, atashindwa na nini? Mmoja akaniuliza kama Bunagana iko karibu na Kenya. Nikamjibu kwamba kati yetu na Kenya iko Uganda nzima, na kwamba mpango ninaoufuata unanitaka nikimbie dakika moja kisha nitembee dakika moja na nusu. Hiyo dakika moja ilinitosha kabisa.

Kile wanachokiita kipaji cha watu wa kwetu, kwa sehemu kubwa, ni saa nyingi za mwendo mdogo zilizokusanywa tangu utotoni. Saa hizo zikikatika, pumzi nayo inakwenda. Miaka michache ya kazi ya usiku ghalani, basi la kwenda na basi la kurudi, inatosha kumfanya mtoto wa milima ahemee ngazi.

Kwa wasioijua, Bunagana ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini. Unapita forodha ya Kongo, hatua chache unafika ya Uganda, na barabara inaendelea hadi Kisoro, milima ya volkano ikikutazama. Wengi wanaujua kwa malori na kwa habari za vita. Mimi naujua kwa miguu. Siku ya soko akina mama walishuka kutoka Jomba na vijiji vya juu kabla jua halijachomoza, viazi au maharagwe kichwani, mtoto mgongoni. Hawakukimbia, wala hawakusimama ovyo. Na walizungumza njia nzima: bei, wakwe, msiba wa jana, nani kaolewa wapi. Makocha wa huku hulipa fedha nyingi kusomea kanuni ambayo akina mama wale waliishi nayo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, mwendo wako ni sahihi wa kujenga pumzi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umezidisha.

Halafu kuna vijana wa chukudu. Goma wamejengewa hata sanamu ya rangi ya dhahabu, na wanastahili. Kijana analipakia gari lile la mbao makaa, viazi, kabichi, analisukuma mwinuko mzima huku ameliinamia, na penye mteremko anapiga goti juu yake na kuliachia. Kutoka Kibumba kushuka Goma ni raha. Kurudi ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi ya nguvu na pumzi kwa pamoja.

Mwili haubagui kati ya viazi na mazoezi. Ukitembea au kukimbia taratibu kwa muda mrefu, mara kwa mara, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndani ya misuli vinaongezeka vishipa vidogo vya damu, na vile vichembe vya seli vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Hayo yanaanza kuonekana ndani ya wiki chache. Mifupa na kano haziendi kwa kasi hiyo, zinahitaji miezi. Ndiyo maana mtu anayeanza huumia goti au muundi wakati uleule anapoanza kufurahia pumzi yake. Moyo umeshakubali, miguu bado haijaulizwa. Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu mwendo wetu wa kwenda sokoni: unajenga moyo, lakini hauiandai miguu kwa mbio. Ukikimbia, kila hatua unatua kwa mguu mmoja, kwa nguvu ya mara mbili hata tatu ya uzito wako. Aliyezoea kutembea kilomita 20 bado anahitaji kuanza na dakika moja.

Mpango wa dakika moja ulitungwa mwaka 1996 na Mmarekani aitwaye Josh Clark, na huku Uingereza huduma ya afya ya taifa inautoa bure kwenye simu. Ni wiki 9, siku tatu kwa wiki, katikati unapumzika. Dakika zinaongezeka kidogokidogo. Siku ya mwisho ya wiki ya 5 inaogopwa na wote: dakika 20 mfululizo, bila kutembea. Mwisho wa wiki ya 9 unatakiwa uweze dakika 30. Sauti ya kwenye simu inakubembeleza upunguze mwendo, mara kwa mara, hadi unacheka. Kwa mtu aliyelelewa na akina mama wa Bunagana, kufundishwa polepole na simu ni kichekesho.

Lakini huku nako polepole ilibidi iletwe. Mpaka miaka ya 1960, mtu mzima asiye mwanariadha kuonekana barabarani akikimbia kwa starehe lilikuwa jambo la ajabu hata Marekani. Arthur Lydiard wa New Zealand, kocha wa Peter Snell aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, ndiye aliyewatoa wazee na wagonjwa wa moyo wa Auckland wakakimbie taratibu. Bill Bowerman, kocha wa Oregon, aliyaona hayo, akarudi nayo kwao, na mwaka 1967 akatoa kitabu kilichowafikia watu wa kawaida. Kwa hiyo yale tunayoyaona kama desturi ya Wazungu ya tangu zamani yana umri wa mama yangu.

Jumamosi asubuhi kwetu ni salongo. Majembe, mifagio, mitaro ya maji, maduka yamefungwa, na ole wako ukikutwa umekaa. Huku Jumamosi saa tatu kamili asubuhi watu wanakusanyika bustanini, hapa Sheffield mojawapo ni Endcliffe Park, na kukimbia kilomita 5 pamoja. Wanaita parkrun. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Leo imeenea nchi nyingi, na bado hulipi kitu. Wanaosimamia ni watu wa kujitolea. Kuna mmoja kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mgeni wa kufika wa mwisho. Nimeishi huku miaka mingi, na sijaona adabu nyingine ya Waingereza iliyonigusa kama hiyo.

Siku nyingine za wiki mambo ni tofauti. Kila mtu na saa yake mkononi, masikio yamezibwa, viatu vya zaidi ya pauni 100. Anakupita bila salamu kama mtu unayemdai.

Nyumbani mbio za kundi tunazo, tena zenye sauti. Vijana wa karate hutoka alfajiri, pekupeku, mstari mmoja, wakiimba. Wimbo ndio unaowapimia mwendo, na asiyeweza kuimba ameshazidiwa. Ni kanuni ileile ya akina mama wa sokoni. Tatizo ni kwamba kundi lile halina mtu wa nyuma. Ukiingia, unaingia kwa mwendo wao, na ukishindwa wiki ya kwanza unarudi kulala. Mwanamke mtu mzima, mwenye watoto, hana mahali pake mle kabisa. Akijaribu peke yake barabarani, kila mlango utamuuliza: “Kuko nini?”

Na swali hilo lina sababu. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, kama walivyoiteka Julai 2012, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Kisoro na kituo cha wakimbizi cha Nyakabande. Mwaka mmoja kabla yake, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama tarehe 27 Mei 2021, na watu wengi mno wakashika njia ya Sake, karibu kilomita 25, wengine kwa miguu na magodoro kichwani. Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia, jirani naye anamfunga mtoto mgongoni. Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba siku hizi nakimbia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Unamkimbia nani huko?”

Yupo aliyeziunganisha pande hizi mbili kabla yangu. Makorobondo Salukombo alizaliwa Kivu, familia yake ikakimbia vita, akakulia Lakewood, Ohio, na huko ndiko alikojifunza mbio za shule zenye kocha na ratiba. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio akiiwakilisha Kongo. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba alirudi Kirotshe, kando ya ziwa Kivu, akawafundisha vijana wa huko kukimbia. Vijana wale pumzi walikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapangia siku za kukimbia na za kupumzika.

Mdogo wangu yuko Goma, anaendesha teksi ya pikipiki, kazi ya kukaa kutwa nzima, na tumbo limeanza kumtangulia. Akaniomba mpango wangu. Nimeupunguza ili ufae kule. Kwanza, ahesabu dakika, aachane na kilomita: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kasi ya mtu wa London haimhusu. Pili, asitafute saa ya mkononi. Nguzo za umeme zinatosha, nguzo moja akimbie, mbili atembee, na wiki inayofuata abadilishe kidogo. Tatu, awe na mtu wa kupiga naye soga, ili wakijikuta wamenyamaza wapunguze. Nne, akwepe mawe ya volkano mpaka vifundo vya miguu vizoee, maana yale mawe hayamsamehe mgeni. Saa ya kutoka nimemwachia mwenyewe. Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, hatoki gizani. Anasubiri kuche kabisa na wauza mikate wawe wamejaa barabarani, ndipo anaanza, na mwanzoni anatembea, ili watu wamtazame usoni kwanza.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema nguzo zimekuwa mbili kwa moja, na kwamba jirani yake, mama mmoja muuza samaki, sasa anatoka naye, kwa kitenge na kandambili, na anamshinda kwenye kila mwinuko bila kuacha kuongea. Halafu akaingia kwenye lililomfanya anitafute: “Yaya, na viatu? Mimi namba 42. Mama yule anasema yeye 38.”