Akiba Inayooza

Mtu wa Kericho au Bomet akitaka kununua kompyuta ya mezani ya bei nafuu, hataanza kuuliza kasi yake wala umri wake. Atauliza, "Ina GB ngapi?" Akiambiwa 256, anakunja uso. Akiambiwa 500, anaanza kusikiliza. Akiambiwa TB moja, mkono tayari uko mfukoni unatafuta simu alipe kwa M-Pesa. Tumezoea kupima vitu kwa ujazo: ekari, debe, gunia, kilo za majani ya chai kwenye mizani ya kituo. Kompyuta nayo tumeipandisha kwenye mizani hiyo hiyo.

Shemeji yangu alikuwa anafungua saiba pale Litein, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Alikwenda Nairobi kutafuta mashine, akanipigia akiwa Luthuli Avenue, kelele za matatu zikiingilia maneno.

"Shemeji, ziko mbili hapa, zote ni ex-UK. Moja ina SSD ya 256. Nyingine ina diski ya TB moja, ile ya kuzunguka. Bei karibu ni sawa. Nichukue kubwa, ama?"

"Utaweka nini humo?"

Kimya kidogo. "Si vitu tu, shemeji. Vitu huongezeka."

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu si la kompyuta peke yake. Ndivyo tunavyojenga nyumba za vyumba ambamo hakuna anayelala, na ndivyo tunavyonunua kabati la pili kabla ya kufungua la kwanza tuone lina nini. Nafasi kubwa inatupa ruhusa ya kutoamua. Nikamwambia arudi hotelini anywe chai, kisha tufanye hesabu.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64 ndipo ikubali kuingia, ingawa yenyewe haimalizi zote. Programu za kuandika, za mahesabu na za kusoma PDF huchukua GB chache. Diski iliyoandikwa 256 ukiiwasha utaona 238 hivi, na ya 500 utaona 465. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, basi. Toa mfumo, toa programu, acha na pumzi kidogo maana SSD ikijaa pomoni huanza kujikokota. Chukulia zimebaki GB 150 za kazi.

Sasa kazi ya saiba ya Litein ni ipi? Ni marejesho ya kodi ya KRA kabla ya Juni 30, foleni ikifika barabarani. Ni maombi ya mkopo wa HELB na ya nafasi za chuo za KUCCPS matokeo ya KCSE yakitoka. Ni barua za kuomba kazi, kadi za koito (sherehe yetu ya mahari), ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu akiwa na suti, fotokopi na kuchapisha. Ukurasa uliopigwa skana kwa kawaida hauzidi MB moja. Tuseme anapiga kurasa mia moja kila siku ya kazi, mwaka mzima, bila kufuta hata mmoja: ni kama GB 30. Diski "ndogo" ingemchukua miaka mitano kuijaza, na kufikia hapo mashine yenyewe itakuwa imechoka.

Lakini mimi nilisimama kwenye yale maneno "bila kufuta hata mmoja". Kwa nini asifute? Nimewahi kuketi kwenye saiba moja ya huku, sitaitaja, nikangoja ukurasa wangu uchapishwe. Skrini ilikuwa imejaa faili kama mahindi yaliyoanikwa: vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya PIN, cheti cha kifo cha baba wa mwanafunzi aliyekuwa akiomba mkopo, vyote vimeandikwa jina kamili la mwenyewe, na yeyote anayelipa shilingi zake anaketi hapo na kuvisoma. Mwenye saiba hakuwa mtu mbaya. Alivihifadhi ili mteja akirudi asisumbuke. Ila Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo inasema habari za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozikusanya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hifadhi ambayo shemeji alidhani anaihitaji, kisheria hana haki nayo. Mteja akimaliza, faili lake liende naye kwenye flashi au kwenye barua pepe yake, na nakala ifutwe jioni. Hapo hata GB 128 zingemtosha.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wachuma chai. Sisi tunajua kuna akiba inayooza, tena kwa saa. Jani likitoka kwenye kichaka, majani mawili na chipukizi lake, halina subira. Ukilishindilia ndani ya gunia na lori lichelewe, katikati ya gunia panapata joto, na ukitia mkono unahisi kama umegusa chungu. Jani linageuka rangi kama shaba, na karani wa kituo hana haja ya maelezo zaidi. Ndiyo maana magunia yetu yana matundu, na ndiyo maana kiwanda cha chai hakina ghala la majani mabichi. Majani hutandazwa yanyauke usiku, hukatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na sehemu kubwa ya kilichopotea ni maji tu. Hakuna mkulima anayelilia maji yale. Nchi nzima ya Kericho na Bomet, kuanzia mashamba makubwa yaliyoanzishwa na Waingereza miaka ya 1920 hadi robo ekari ya mjane wa Kapkatet anayeuza kupitia KTDA ya wakulima wadogo, inaishi kwa kupunguza mzigo upesi kabla haujaharibika. Halafu mtu huyo huyo akinunua simu au kompyuta, anataka asipunguze chochote milele.

Nilimwambia shemeji hivyo. Akasema, "Haya, lakini kikundi je?" Maana alikuwa pia ameahidi kuwawekea wakulima wa kituo chao rekodi za kilo. Swali zuri, na jibu lake lilinishangaza hata mimi. Chukua wakulima mia sita. Kila mmoja mpe namba moja ya kilo kwa kila siku ya mwaka, ingawa hakuna anayechuma kila siku. Hizo ni namba 219,000. Kila namba ina tarakimu tatu nne. Jumla haifiki herufi milioni moja. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya kuandikia kumbukumbu. Ilikuwa na visahani hamsini, uzito wake ulikaribia tani moja, na ilibeba herufi milioni tano. Hata lile dude lingetunza kilo za wakulima wetu miaka mitano. Kwenye SSD ya 256, daftari hilo ni kama wimbo mmoja wa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, ni kweli kabisa, ila daftari lenyewe halihitaji chumba. Linahitaji mtu wa kuliandika kila jioni na kulilinganisha na risiti za mizani, mwezi hadi mwezi, hadi bonasi ya Oktoba itakapokuja na maneno yake.

Kinachojaza diski zetu si kazi. Binamu yangu wa Silibwet alinipa kompyuta ya nyumbani kwake niitazame, akisema imejaa na haifungui tena. Ilikuwa na GB 500. Nikaanza kupanga mafolda kwa ukubwa. La kwanza lilikuwa "MPYA", la pili "MPYA 2", la tatu "MPYA KABISA". Ndani yake mlikuwa na tamthilia za Kikorea na za Kituruki zilizonakiliwa kutoka duka la muvi, moja ikiwa mara mbili kwa majina tofauti. Mlikuwa na nakala tatu za picha zote za WhatsApp za simu moja, na ndani ya picha hizo mamia ya video za "asubuhi njema" zenye maua na njiwa. Nikafuta nusu ya diski bila mtu yeyote nyumbani kuniuliza ninachofuta.

Halafu, ndani ya folda lisilo na jina, nikakuta video ya GB mbili hivi. Mzee, babake, ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, amevaa koti lake la mikutano. Anaeleza jinsi walivyopanda miche ya kwanza ya chai baada ya uhuru, nani alikataa kutoa ardhi akisema chai ni mti wa wazungu, nani alikubali, mpaka ulipita wapi kabla ya barabara. Anazungumza Kikipsigis, mara anachomeka Kiswahili cha kituoni. Mjukuu mmoja anapita mbele ya kamera akifukuza kuku. Dakika arubaini.

Nilimwita binamu. Alitazama amesimama, kisha akavuta kiti. Hakujua kama video hiyo ipo. Nduguye ndiye aliyerekodi, akaihamisha kutoka kwenye simu siku simu ilipojaa, wote wakasahau. Mzee alikuwa ameshafariki. Na nakala ilikuwa hiyo moja tu, ndani ya diski ya kuzunguka iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi fulani ya Uingereza kabla ya kufika Bomet, ikiwa imelaliwa na tamthilia.

Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuona swali la GB kuwa swali la ujazo. Nyumba ile ilikuwa na nafasi tele na haikuwa na akiba. TB moja ingewapa tu nafasi ya kumfukia mzee chini zaidi.

Tena nakala moja haitoshi, maana sisi tunaishi mahali pa radi. Kericho inajulikana hata na wanasayansi wa hali ya hewa kwa mvua yake ya mawe, na mkulima hahitaji mwanasayansi amweleze jinsi vichaka vinavyoonekana baada ya mawe kupita. Mvua hiyo haiji peke yake. Stima hupotea, hurudi kwa kishindo, hupotea tena. Kompyuta iliyochomekwa ukutani moja kwa moja inaweza kuondoka na kila kitu, na radi haiulizi kama ulinunua 256 au TB mbili. Diski ikiungua, kubwa inaungua na mengi zaidi. Kwa hiyo pesa ambayo mtu wa huku angeongeza ili apate ujazo mkubwa, mimi humshauri aitie kwenye UPS ndogo, betri ya kushikilia stima ikipotea, na diski ya nje. Anakili mambo yasiyopatikana tena: video ya mzee, hati ya shamba iliyopigwa skana, daftari la kikundi, picha za koito zilizochaguliwa. Kisha diski ile ilale nyumba nyingine, kwa dada au kwa mwalimu jirani. Nakala zote zikilala nyumba moja, mwizi mmoja au moto mmoja unamaliza zote.

Kuchagua kunauma, sikatai. Koito moja huleta picha mia tisa kutoka simu kumi na mbili, na shangazi katika kila picha anataka ibaki. Lakini waulize watu ni zipi wamewahi kuzifungua tena. Ni ile ya wazee wakiwa wameketi pamoja, ile ya bibi akicheka, na ile ambayo mtu fulani aliyekuwa hai siku hiyo hayupo tena. Arubaini zikichaguliwa vizuri, zikapewa majina na mwaka, zinaonwa. Mia tisa haziangaliwi na mtu.

Wapo wanaohitaji diski kubwa kweli. Mpiga video wa harusi ni mmoja. Kamera yake yaweza kula GB 20 kwa saa, na harusi ya Sotik haiishi kwa saa mbili. Studio ya nyimbo za injili pia, na kanisa linalorusha ibada kila Jumapili. Hao wanunue TB mbili za kuzunguka na waongeze SSD ndogo ya mfumo, wala wasinisikilize mimi.

Shemeji alichukua ile ya 256, kisha akanunua na UPS. Nilimsisitiza kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya kizazi cha nne yenye TB moja bado ni mashine ya kizazi cha nne. Prosesa, RAM ya GB 8 na SSD ndivyo vitakavyomfanya mteja asiondoke foleni ya Juni ikimkera.

Nawe ukienda dukani, Luthuli au hapa hapa Kericho mjini, usianze na GB ngapi. Mwambie muuzaji awashe mashine, afungue programu inayoonyesha afya ya diski, uone kwa macho yako imefanya kazi saa ngapi. Zikiwa elfu arubaini, hiyo ni diski iliyowaka miaka minne na nusu hivi bila kuzimwa, hata ikiwa ni kubwa namna gani. Muuzaji akikataa kuiwasha, mshukuru, uvuke uingie duka la pili.