Bibi aliniuliza, "Duni maana yake nini?"

Nimeadimika kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Leo siasa naiweka pembeni.

Naandika nikiwa hapa Chimwaga, jirani na ule ukumbi ambamo CCM ilimpitisha Mkapa mwaka 1995 na Kikwete mwaka 2005. Mgeni akiuliza jengo la historia Dodoma, wengi tunamleta hapa. Hakuna anayempeleka kwenye tembe.

Mimi mwenyewe ni mkosaji. Mwaka jana niliandika habari kuhusu makazi ya vijijini, nikatumia maneno "nyumba duni za tembe" mara nne. Gazeti likafika kijijini kwetu, binamu yangu akamsomea bibi. Nilipokwenda kumsalimia, alinikaribisha vizuri tu, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, duni maana yake nini?"

Wadau, digrii ninayo. Jibu sikuwa nalo.

Tembe la Mgogo lina akili zake. Nguzo zenye panda zinabeba boriti, juu zinapangwa fito na nyasi, halafu udongo mzito unashindiliwa. Paa ni bapa, nyumba ni fupi, upepo wa nyanda hizi unapita juu yake. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi, na juu ya paa unaanika mtama. Hapa mvua ni chache, ndiyo maana paa la udongo limewezekana kwa vizazi.

Kule Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe lenye mlango wa nakshi ambalo Stanley, mzaliwa wa Denbigh kule Wales, alikaa na Livingstone mwaka 1872. Leo ni makumbusho. Kuta za udongo, paa bapa, sawa na la bibi. La Kwihara limetunzwa kwa sababu wageni walilala humo miezi michache. La bibi, ambaye amelala humo zaidi ya miaka hamsini na kuzaa watoto saba, mimi nikaliita duni.

Lakini tusidanganyane. Tembe linavuja masika yakizidi, moshi unaumiza macho, na papasi wanaojificha kwenye nyufa wanaleta homa. Baba mdogo ameshanunua mabati, ujenzi unaanza baada ya mavuno. Nikajifanya mtetezi, nikamwambia bibi tulihifadhi. Akacheka sana.

"Bati nalitaka, nimechoka kuhamisha kitanda usiku. Ila usiwaambie watu kwamba wanangu niliwalea kwenye uduni. Tulijenga kwa kilichokuwepo, na tulijenga vizuri."

Basi Jumamosi iliyopita nilirudi na futi ya fundi na daftari. Tukapima ukuta kwa ukuta. Bibi alikuwa ananitajia kila boriti ilikatwa pori gani na nani aliibeba. Babu alibeba ile ndefu ya mlangoni, peke yake. Kurasa kumi na mbili zimejaa, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla sijaandika ile habari.

Kwa hiyo mdau, kama kwenu bado lipo tembe, msonge au banda la babu, usisubiri. Bati lije, ni haki yao. Lakini nenda na futi kwanza, na umuulize aliyejenga wakati bado yupo wa kujibu.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.