Kigoma, na Kazi ya Kubandua Kutu

Wengi wenu hupenda kusikia habari za miji ya mbali. Nami nilipata kwenda Kigoma kwa shughuli za shule, basi nitawaeleza kwa ufupi habari za mji huo, na hasa kazi moja niliyoiona huko, ambayo faida yake ni kubwa na hatari yake si ndogo.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1914. Ukishuka kituoni waliona ziwa la Tanganyika mbele yako, na anga ikiwa safi waiona milima ya Kongo ng'ambo. Kina chake hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal la Urusi peke yake lililolipita kwa kina.

Watu wa Kigoma hawachoki kusimulia habari za meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa haijaharibika sana, na mwaka 1927 meli ikaanza safari tena. Chuma kilichofunikwa vema hustahimili. Kutu huingia pale maji na hewa vinapokigusa pamoja.

Maana ya jambo hilo niliiona ufukoni, mahali ambapo mashua moja ya chuma ilikuwa imevutwa ili sitaha yake ipakwe rangi. Fundi mkuu, mtu wa makamo, alinipokea kwa heshima.

"Karibu, Mwalimu. Habari za safari?"

"Njema, Bwana Fundi. Poleni na kazi."

"Tumekwisha poa. Lakini ziba masikio kwanza, ndipo usogee."

Akanieleza kwamba mwenye mashua wa zamani alikuwa akipaka rangi mpya juu ya kutu kila mwaka. Kwa macho ilipendeza. Hata siku moja mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, alipita sitahani na tenga lake kichwani, bamba likatoboka, mguu ukazama mpaka gotini. Alipona, walakini anachechemea hata leo. "Rangi ile ilikuwa sanda tu," alisema fundi.

Kazi yao ni hivi. Kwanza huosha sitaha kwa sabuni na maji matamu, kwa kuwa mafuta yakibaki rangi haishiki. Kisha huwasha kompresa, ambayo huvuta hewa na kuishindilia mtungini mpaka nguvu yake iwe kadiri ya mara 6 au 7 ya hewa ya kawaida. Hewa hiyo hupita katika mipira na kuendesha vyombo. Nyundo ya hewa hubandua magamba manene. Chombo cha pili kina fungu la sindano za chuma, kila moja unene wake kama milimita 3, zinazogonga mara elfu kadhaa kwa dakika na kufika pembeni ambapo burashi haifiki. Mwisho huja burashi ya nyuzi za chuma inayozunguka. Bamba lililoliwa hukatwa, likatiwa jipya.

Nikauliza kwa nini hawatumii umeme. Akajibu kwamba sitaha ni chuma na mara nyingi ina maji. Waya ukichubuka, mtu aweza kufa. Chombo cha hewa hakina hatari hiyo, na kikikwama hakiungui. Walakini hewa nayo si ya kuchezea: ikielekezwa mwilini yaweza kupenya ngozi au kuharibu jicho.

Chuma kikisafika haking'arishwi kama kioo, maana rangi hushika penye ukwaruzo. Hupanguswa vumbi, na rangi ya kwanza hupakwa siku ile ile, kabla umande haujaleta kutu mpya. Katika rangi ya mwisho hunyunyiza mchanga, ili miguu isiteleze.

Sasa nawaambia hatari yake. Kelele hizo huua masikio: fundi mkuu alianza kazi ujanani bila vizibo, na sikio lake la kushoto halisikii vema. Mtetemo wa miaka mingi hutia ganzi vidoleni. Lakini lililo baya zaidi ni vumbi, kwa kuwa rangi nyingi nyekundu za zamani za meli zilitiwa madini ya risasi. Nilipokuwa pale watoto walikuja kuokota magamba mekundu ya kuchezea. Fundi akasimamisha kazi yote mpaka walipoondoka.

"Mwalimu," akasema, "waambie shuleni. Sumu hii hudhoofisha akili ya mtoto, na akili iliyoharibika hivyo hairudi."

Kwa hiyo mafundi wake huvaa vifuniko vya pua, hulowesha vumbi kabla ya kulizoa, hunawa kabla ya kula, na kubadili nguo kabla ya kurudi kwao, ili mke asifue sumu wala mtoto asipakatwe nayo.

Basi, ninyi wenye nyumba, mkitaka kupaka rangi mlango au dirisha la chuma, bandueni kutu kwanza, na watoto wakae mbali. Na rangi ikiwa ya zamani, msiikwangue kavu. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kwamba gamba jekundu la rangi kuukuu si kitu cha kuchezea.