Mchwa, Mkulima wa Misitu ya Zambia

Msafiri avukaye mpaka Tunduma na kuifuata reli ya TAZARA hadi Kasama na Mpika, kaskazini ya Zambia, hupita katika misitu mikubwa ya miombo. Kabla ya mvua, miti hiyo huvaa majani mekundu. Mgeni hudhani yananyauka, kumbe ndiyo kwanza yanachipua.

Mvua za Novemba zinaposhika, msitu hugeuka ghala. Juu ya mti uitwao mutondo huonekana viwavi ambao Wabemba huwaita ifishimu. Hukamuliwa matumbo, huanikwa, nao huwa kitoweo na biashara. Chini, penye vichuguu, huchomoza uyoga. Upo mmoja ambao kofia yake huweza kufikia upana wa karibu meta moja. Mwaka 1980 wataalamu waliupa jina la Termitomyces titanicus.

Uyoga huo haupandwi na mtu. Mkulima wake ni mchwa. Yeye hutafuna miti mikavu, na kwa kinyesi chake hujenga chini ya ardhi masega yaliyo kama sifongo. Humo huota kuvu ambayo huyalainisha mabaki ya miti, na mchwa huyala. Mvua ikiloweka ardhi, kuvu hiyo hutoa shina refu mfano wa mzizi, likapenya udongo hadi juu. Mchwa wakifa, shamba nalo hufa.

Hata hivyo, si kila uyoga huliwa. Zipo aina ziuazo, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Kwa sababu hiyo watoto hufuatana na mama zao na bibi zao, wakajifunza kuutambua mmoja baada ya mwingine.

Katika eneo la Kopa zipo taratibu za jadi za kuihifadhi neema hii. Viwavi havunwi mtu hadi wakomae, na mayai ya nondo hukingwa na moto wa mwisho wa kiangazi. Busara hiyo ina maana kubwa pale shoka la mchoma makaa linapokaribia. Mti uliokatwa huleta fedha mara moja tu. Mutondo ulio hai hurudisha viwavi mwaka hata mwaka, na gogo lililoachwa lioze ni chakula cha mchwa, na kesho ni uyoga chunguni.