SEHEMU YA 6: Mtoto hapotei ndani ya gari, anapotea mnapobadilisha gari

Mama zangu, na nyie kina baba vijana mnaosoma kimya kimya, nanyi nawaona.

Sehemu iliyopita tuliongelea karatasi ya rufaa. Inaanzia zahanati, inapanda hospitali ya wilaya, ya mkoa, Bugando, na mara nyingine inaishia Dar es Salaam. Wengi mlinirudia na swali ambalo sikuwa nimelijibu: "Nesi, karatasi ninayo. Sasa nafikaje?"

Leo najibu, ila kwanza nikiri jambo. Mimi mwenyewe, nesi wenu ninayewapangia mambo kila siku, niliwahi kumpoteza mgonjwa wangu Dar kwa saa moja na nusu. Na mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja.

Ilikuwa mwaka 2024, mwezi wa kumi. Mtoto alikuwa na miezi minane na tundu kwenye moyo. Dalili zake nilishawaandikia: akinyonya anatoka jasho kichwani, anaacha ziwa kabla hajashiba, anahema haraka, kilo haziongezeki. Alikuwa anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini, asubuhi na saa 2 usiku. Tulikuwa tunampeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga.

Tulipanda basi alfajiri hapa Didia barabarani. Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, mpaka Dodoma. Tukalala. Nilikataa basi la moja kwa moja mpaka Dar kwa sababu nilimhurumia mtoto kukaa kwenye kiti kimoja mchana kutwa na usiku. Nikasema tupande treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria wa Dodoma mwaka huohuo. Wakati ule daraja la kawaida Dodoma mpaka Dar lilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, mtoto chini ya miaka minne bure, wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu.

Na kweli, treni ni raha. Haikurushi, madirisha hayafunguki, kuna kiyoyozi (mfunike mtoto, baridi yake ni ya kweli). Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuvuka Nzega. Alinyonyesha huku anaangalia nje, akaniambia, "Dada, kumbe Dar ni karibu hivi."

Tiketi za asubuhi zilikuwa zimeisha, tukapata za mchana. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Tulishuka Dar karibu na saa 12 jioni, saa ambayo mji mzima unarudi nyumbani. Mwenyeji wetu anakaa Kimara, na mabasi ya mwendokasi ya Kimara yanaondokea Gerezani, pale Kariakoo. Kutoka stesheni ya SGR si mbali, lakini si mlango kwa mlango. Tukachukua bajaji.

Jamani, Gerezani saa 12 jioni! Watu wamesimama bega kwa bega, na basi likija hakuna foleni, ni mwili wako tu. Mdogo wangu alikuwa na mtoto kifuani. Mimi nimebeba mabegi mawili, na ndani ya moja kulikuwa na dawa za mtoto, hela zote, na simu ya mdogo wangu niliyokuwa nimeiweka kwenye pawabenki ipate chaji.

Basi likafunguka, watu wakasukuma, mdogo wangu akaingizwa ndani. Mimi nikabaki nje. Milango ikafunga.

Nilimwona kwenye kioo. Nikampigia kelele: "Shuka Kimara! Shuka Kimara!" Akaitikia kwa kichwa. Basi likaondoka.

Nikapanda lililofuata, nikafika Kimara saa 1 na nusu. Sikumwona. Nikazunguka kituo kizima, nikauliza wakata tiketi, sikumwona. Miguu ikaanza kutetemeka. Unajua hesabu niliyokuwa napiga? Saa 2 dawa. Mtoto yuko kwenye joto la Dar, kwenye msongamano, na dawa ninazo mimi.

Kumbe basi alilopanda lilikuwa la Morocco. Yote mawili yanatoka Gerezani, yanapita njia moja, Fire, Jangwani, mpaka Magomeni. Magomeni moja linanyoosha Manzese, Ubungo, Kimara, na lingine linakata kwenda Kinondoni na Morocco. Limeandikwa mbele, kabisa. Mimi sikusoma. Mdogo wangu alikaa anasubiri asikie neno "Kimara" kwenye basi ambalo halifiki Kimara.

Saa 1:40 simu yangu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mama mmoja: "Dada, una ndugu yako ana mtoto mgonjwa? Ninaye hapa Morocco." Niliketi chini, palepale.

Namba yangu aliipata wapi? Kwenye kadi ya kliniki. Mdogo wangu alikuwa ameifunga kwenye khanga, kwa mazoea ya kijijini kwamba mtoto na kadi havitengani. Na juu ya jalada nilikuwa nimeandika namba yangu kwa mkono wangu, kama ninavyowaandikia nyote hapa kliniki. Sikuiandika kwa ajili ya Dar. Niliiandika kwa mazoea ya kazi.

Nikachukua bodaboda. Saa 2 na robo mtoto alimeza dawa yake kwenye benchi la kituo, yule mama akimmulikia kwa simu. Alikataa hata hela ya soda.

Sasa nikwambie nilichojifunza. Sisi manesi tunafundishwa kwamba saa ya hatari wodini ni wakati wa kupokezana zamu. Hapo ndipo dawa inasahaulika na mgonjwa anaangukia katikati ya mikono miwili. Safari ya mgonjwa ni hivyohivyo. Kwenye basi mko salama, kwenye treni mko salama. Hatari iko kati ya kimoja na kingine.

Na usidhani ni ushamba wa Didia. Rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi yuko London. Huko treni zinapita chini ya ardhi na mabasi juu. Aliniambia njia ya Northern ikifika Camden Town inagawanyika, treni moja inaenda Edgware na nyingine High Barnet, na wiki yake ya kwanza alipelekwa kusikokuwa kwake mara mbili. Kumbe Magomeni zipo dunia nzima.

Kwa hiyo, mama, kabla hujatoka nyumbani:

1. Hesabu mara mtakazobadilisha, usihesabu nauli tu. Sisi tulibadilisha Dodoma stendi kwenda gesti, gesti kwenda stesheni, stesheni kwenda Gerezani, Gerezani kwenda Kimara. Basi la moja kwa moja lingetushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, jirani kabisa na Kimara. Sisemi treni ni mbaya, mgongo wangu unaishukuru mpaka leo. Nasema kila kubadilisha kuna gharama yake, na kama una hela kidogo ya ziada, itumie kupunguza kubadilisha mara moja, hasa jioni.

2. Aliyembeba mtoto ndiye abebe dawa, kadi, simu na hela kidogo. Mabegi ya nguo abebe mwingine. Mimi nilifanya kinyume.

3. Andika kwenye jalada la kadi: namba mbili za simu, jina la hospitali, na kituo mnachoshukia. Usitegemee simu, simu inazima. Usitegemee kichwa, kichwa kikiingiwa hofu hakikumbuki hata namba ya mume.

4. Kubalianeni mapema mkipotezana mnafanyaje. Sisi siku hizi tunasema hivi: mwenye mtoto anashuka mahali pa kwanza gari litakaposimama na haondoki hapo. Aliyebaki ndiye anayemfuata. Mkitafutana wote wawili mtapishana.

5. Soma mbele ya basi, na uulize. Kama kusoma kunakupa shida usione aibu, uliza watu wawili tofauti, mmoja awe mwenye sare. Uliza pia kama linasimama kituo chako, maana mengine hayasimami kila kituo.

6. Kwenye msongamano mtoto akae kifuani, si mgongoni, umwone uso. Basi likijaa liache liende. Litakuja lingine.

Na hili halina namba kwa sababu linashinda yote: njiani mtoto akibadilika midomo kuwa ya bluu, akihema mpaka mbavu zinaingia ndani, au akikataa kabisa kunyonya, safari imeisha. Shuka, tafuta hospitali iliyo karibu. Miadi ya Dar itapangwa upya.

Haya niliyoyaandika ni ya mwaka 2024. Njia na nauli za mjini hubadilika, kwa hiyo mpigie mwenyeji wako kabla ya kutoka.

Mtoto? Alionwa siku ya pili yake, akapangiwa upasuaji, akafanyiwa. Leo anakimbiza kuku wa bibi yake na hapumziki. Ile kadi mama yake hakuitupa. Jalada limechakaa, ila namba yangu bado inasomeka.

Sasa nyanyuka, chukua kadi ya mwanao hapo ilipo. Ina namba ya simu juu? Kama haina, tafuta kalamu kabla hujalala.

Sehemu ya 7 tutaongelea mwenyeji: nani wa kufikia kwake na mtoto mgonjwa, na nani wa kumwepuka hata kama ni ndugu. Mlale salama.